Samaki wa mapambo wanaozaa: Maji kwanza, samaki baadaye

SAMAKI walio wengi hutaga mayai na kuyaacha yajipambanie majini. Wapo hata hivyo wachache ambao mayai yao huanguliwa tumboni mwa mama, watoto wakazaliwa wakiwa hai, macho yamefumbuka, tayari kuogelea na kujitafutia chakula. Miongoni mwa hao ni gapi, plati, moli na mkia-upanga, samaki wadogo wenye rangi za kupendeza ambao kwa miaka mingi wamekuwa wa kwanza kutiwa katika matangi ya vioo sebuleni.

Wanapendwa kwa sababu tatu. Bei yao ni nafuu, huzaana bila kubembelezwa, na huvumilia mengi. Sifa hiyo ya tatu ndiyo inayowaponza. Kwa kuwa wamesifiwa kuwa ni samaki sugu, mnunuzi huwatia katika tangi lililojazwa maji siku iyo hiyo, kisha akashangaa kuwaona wakifa mmoja baada ya mwingine kabla ya mwezi kwisha. Aghalabu lawama humwangukia muuzaji kwamba aliuza samaki wagonjwa. Mara nyingi, hata hivyo, kilichowaua ni maji ambayo hayakuwa yametayarishwa. Afugaye samaki hufuga maji kwanza, na anayelielewa hilo huwa amekwisha kuimaliza nusu ya kazi.

Asili yao

Kwao gapi ni kaskazini mashariki mwa Amerika Kusini, hasa Venezuela na Guyana, pamoja na visiwa vya karibu kama vile Trinidad. Mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Peters, ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka wa 1859 na kumpa jina Poecilia reticulata. Mnamo 1866, Albert Günther wa British Museum jijini London alipokea samaki waliotumwa kutoka Trinidad na Robert John Lechmere Guppy, akadhani ni aina mpya na kuwapa jina la mtu huyo. Baadaye ilibainika kwamba walikuwa ni samaki wale wale wa Peters. Jina la Guppy likafutwa katika vitabu vya sayansi, lakini likabaki vinywani mwa watu hadi leo.

Plati na mkia-upanga ni ndugu wa karibu kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Mkia-upanga dume hutambulika kwa ncha ndefu iliyochomoza chini ya mkia wake mithili ya upanga. Jike hana upanga huo. Wawili hawa huweza kuzaliana, na wengi wanaouzwa madukani ni machotara wao. Moli naye hutoka Mexico, Amerika ya Kati na maeneo ya kusini mwa Marekani. Baadhi ya jamaa zake huishi kwenye milango ya mito, mahali ambapo maji matamu huchanganyika na ya bahari. Jambo hilo litamfaa mfugaji atakapochagua aina ya maji.

Tangi na mahali pake

Bakuli la duara linalopambwa mezani halifai. Maji yake ni machache mno hata uchafu mdogo huyaharibu kwa siku moja, na uso wake mwembamba hauingizi hewa ya kutosha. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30 hubeba lita 54 na linatosha kwa anayeanza na gapi au plati. Mkia-upanga, ambaye hufikia sentimita 10 au zaidi na hupenda kuogelea kwa kasi, huhitaji tangi refu zaidi, angalau sentimita 80. Moli wakubwa nao wanahitaji nafasi kama hiyo.

Ikumbukwe kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hilo dogo likijazwa, likatiwa kokoto na kuongezwa uzito wa kioo, huweza kufikia kilo 70. Kwa hivyo liwekwe juu ya meza imara iliyo sawasawa, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Jua la moja kwa moja hupasha maji joto kupita kiasi na kuyageuza kuwa ya kijani kwa wingi wa mwani. Pia liwe na kifuniko, maana mkia-upanga ni hodari wa kuruka na mara nyingine huokotwa sakafuni akiwa mkavu.

Chombo kisichokosekana ni chujio. La sponji linaloendeshwa kwa pampu ndogo ya hewa ndilo la bei nafuu, na lina faida ya kutovuta vifaranga. Kazi yake kubwa si kunasa takataka tu kama wengi wanavyodhani, bali pia kuwa makao ya bakteria ambao bila wao hakuna samaki atakayedumu.

Siri ya wiki sita

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, yaani viungo anavyopumulia. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huiongeza. Amonia ni sumu; huyachoma matamvua yenyewe, samaki akaonekana akihema juu juu karibu na uso wa maji. Mtoni sumu hiyo husombwa na mkondo. Tangini haina pa kwenda.

Kinachomwokoa samaki ni makundi mawili ya bakteria wanaoota polepole katika sponji na kokoto. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu kali kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na kioo. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaana wakatosha, na katika tangi jipya karibu hawapo kabisa.

Kwa sababu hiyo, mfugaji makini hulijaza tangi, huliwasha chujio, kisha hutia punje chache za chakula kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria, ilhali hakuna hata samaki mmoja ndani. Akipata sponji kuukuu kutoka kwa mwenzake ambaye samaki wake ni wazima, muda huo hupungua sana. Vipo vifaa vya kupimia amonia na nitriti. Vyote viwili vikisoma sufuri huku chakula kikiendelea kutiwa, maji yameiva. Baada ya hapo samaki huingizwa wachache wachache, watatu au wanne, wiki mbili zikapita kabla ya kuongeza wengine.

Maji ya mfereji nayo yana klorini inayotiwa ili kuua vijidudu. Klorini haichagui. Huua pia bakteria wa tangini na kuunguza matamvua. Maji yakiachwa wazi ndooni kwa saa 24, klorini ya kawaida hutoka yenyewe. Zipo pia dawa za matone zinazoiondoa mara moja, na hizo ndizo za kutumiwa pale ambapo maji yametiwa kloramini, kwa kuwa hiyo haitoki kwa kuachwa wazi.

Nairobi si Mombasa

Maji hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika mito ya milima ya Aberdare, likiwemo bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Ni maji laini, yenye madini machache. Visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe huko Pwani hutoa maji magumu yenye chokaa nyingi, yale ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi.

Samaki wanaozaa, kinyume na samaki wengine wengi wa mapambo, hupenda maji magumu. Moli ndiye anayeumia zaidi katika maji laini: hubana mapezi, akatikisika mahali pamoja bila kwenda mbele wala nyuma, na hatimaye kudhoofika. Mfugaji wa Nairobi anaweza kutia ndani ya chujio kifuko cha maganda ya chaza yaliyovunjwavunjwa, aina ile wanayopewa kuku wa mayai, baada ya kuyaosha vyema. Maganda hayo huyeyuka polepole na kuyapa maji chokaa. Matumbawe yasivunjwe baharini kwa shughuli hii.

Tofauti ya pili ni joto. Samaki hawa hustawi katika nyuzijoto 22 hadi 28 za Selsiasi. Moli hupendelea 24 na kuendelea, ilhali plati na mkia-upanga huvumilia baridi kidogo. Mombasa na Kisumu hita haihitajiki. Nairobi, Nakuru, Eldoret na Nyeri mambo ni mengine, hasa kati ya Juni na Agosti ambapo maji ya tangi ndani ya nyumba huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Hita ya wati 50 inatosha lita 54, ikiandamana na kipimajoto, kwani hita iliyoharibika huweza kuchemsha samaki.

Mfugaji wa Pwani asijione amesalimika. Amonia huwa kali zaidi katika maji magumu na ya joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Kwake yeye msongamano wa samaki huua haraka kuliko ilivyo Nairobi.

Umeme ukikatika, hatua ya kwanza ni kuacha kulisha. Samaki mzima hukaa siku mbili tatu bila chakula asidhurike, lakini chakula kinachooza katika maji yasiyochujwa humwangamiza. Maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena tangini mara kwa mara ili yapate hewa. Penye baridi tangi lifunikwe blanketi pembeni. Umeme ukichelewa kurudi kwa saa nyingi, sponji isuuzwe kabla ya pampu kuwashwa tena.

Idadi na chakula

Katika lita 54, gapi madume watatu na majike sita ni mwanzo mzuri. Majike wawe wengi kuliko madume, maana dume hamwachi jike apumue, na majike wakiwa wachache huchoshwa hadi wakafa. Asiyetaka kizazi anunue madume matupu. Kununua majike matupu si dawa, kwa kuwa jike aliyekwisha kukutana na dume huhifadhi mbegu zake na huweza kuzaa kwa miezi kadhaa bila kumwona dume tena.

Kutofautisha jinsia si kazi ngumu. Pezi la chini, nyuma ya tumbo, kwa jike limetanuka kama kipepeo. Kwa dume limejikunja likawa kama kijiti. Gapi dume ni mdogo, hafiki sana zaidi ya sentimita tatu, na ndiye mwenye mkia wa kuringia. Jike huweza kufikia sentimita sita.

Chakula kitolewe kidogo mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizwa kwa dakika mbili. Mbali na vyakula vya dukani, plati na moli hupenda mboga: minji iliyochemshwa na kumenywa, au jani la spinachi lililochovywa katika maji moto. Wote huwapenda viluwiluwi wa mbu, lakini viluwiluwi hao wachotwe kwenye chombo safi na kuliwa siku hiyo. Kuwafuga nyumbani ni kufuga malaria.

Maji na mimea ya mito au maziwa isiletwe tangini. Konokono wanaojificha katika mimea hiyo huweza kuwa wabebaji wa kichocho, na anayetia mikono majini ni mfugaji na watoto wake.

Uzazi

Mimba ya samaki hawa huchukua karibu wiki nne, ikipungua kidogo penye joto na kurefuka penye baridi. Jike anayekaribia kuzaa tumbo lake huwa la pembe, na doa jeusi lililo karibu na pezi la chini hukolea. Gapi huzaa vifaranga 20 hadi 60 kwa kawaida. Mkia-upanga mkubwa huweza kupita 100.

Vifaranga huzaliwa wakiwa na urefu wa milimita sita hadi nane, na adui yao wa kwanza ni mama yao mzazi. Samaki hawa hawana habari ya malezi. Kila kinachoingia mdomoni huliwa. Mimea mingi yenye majani membamba, mingine ikielea juu, huwapa vifaranga pa kujificha na wachache hupona. Vijisanduku vya kuzalishia vinavyouzwa madukani vinabana, na jike akifungiwa humo muda mrefu hushtuka na huenda akazaa kabla ya wakati. Heri kumhamishia tangi dogo lenye mimea, kisha kumtoa punde anapomaliza.

Vifaranga hulishwa mara tatu au nne kwa siku kwa chakula kilichosagwa kikawa unga. Wanapofikisha mwezi mmoja hivi, madume watengwe na majike, kwa sababu gapi dume huwa tayari kuzalisha akiwa na umri wa miezi miwili, na pengine mapema zaidi.

Kazi ya kila wiki

Mara moja kwa wiki, robo ya maji hutolewa kwa mpira unaofyonza uchafu ulio kati ya kokoto, kisha hurejeshwa maji yasiyo na klorini yenye joto lile lile. Sponji ya chujio isuuzwe ndani ya ndoo ya yale maji yaliyotolewa, si chini ya mfereji, la sivyo bakteria waliosubiriwa wiki sita wataangamia kwa dakika moja. Kumwaga maji yote na kusugua kila kitu kwa sabuni, kama wafanyavyo wengi kwa kupenda usafi, ni kulirudisha tangi mwanzo.

Samaki mgeni atengwe kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuchanganywa na wengine. Ugonjwa ulio wa kawaida ni madoa meupe yanayofanana na punje za chumvi mwilini, ambao husababishwa na kimelea kinachoambukiza tangi zima. Dawa zake zipo, na kupandisha joto hadi nyuzi 28 huharakisha maisha ya kimelea hicho na kukifikisha upesi katika hatua ambayo dawa hukiua. Mapezi yanayooza aghalabu ni dalili ya maji machafu, na tiba ya kwanza ni kubadilisha maji kabla ya kukimbilia dawa. Samaki asiye na matumaini ya kupona asitupwe chooni akiwa hai. Mafuta ya karafuu, yakitikiswa vyema katika maji machache na kutiwa kwa wingi ndani ya chombo cha pembeni, humlaza usingizi asiamke tena.

Wingi unapokuwa mzigo

Hesabu ni rahisi. Majike sita wakizaa vifaranga 30 kila mmoja kwa mwezi, na theluthi moja tu ikapona, tangi la samaki tisa litapata wengine 60 kwa mwezi huo mmoja. Hapo ndipo mwenye huruma huwabeba ndooni na kuwaachilia katika mto ulio karibu, akiamini amewapa uhuru.

Uvumilivu uleule unaomfanya gapi afae kwa anayeanza ndio unaomfanya awe hatari nje ya tangi. Anaishi katika maji machafu ambamo wengine hufa, na jike mmoja mwenye mimba huweza kuanzisha kizazi kizima. Gapi walikwisha kuingia katika mito ya Kenya, ikiwemo ya mfumo wa Mto Athi. Duniani kote walisambazwa katika karne ya 20 ili wale viluwiluwi wa mbu, na mahali pengi wamebaki wakishindania chakula na kula vifaranga vya samaki wenyeji.

Ziwa Victoria linatosha kuwa funzo. Mbuta aliingizwa humo katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na ingawa aliletea wavuvi na viwanda mapato, mamia ya aina za fulu walitoweka au wakabaki wachache. Gugumaji nalo, mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, lilionekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980 na hadi leo linafunga njia za mashua. Hilo pia lilianza kama pambo.

Anayetaka samaki wa kupambana na mbu ana njia nyingine. Utafiti uliofanywa Kisii na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba ngege waliotiwa katika vidimbwi vya samaki vilivyotelekezwa walipunguza viluwiluwi wa mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94. Ngege ni kitoweo pia. Shughuli ya namna hiyo ifanywe kwa ushauri wa maafisa wa uvuvi, kwani kuachilia samaki hai wa kigeni katika maji ya umma bila idhini ni kinyume cha sheria.

Kwa mwenye tangi lililojaa, njia ni tatu: kuwatenga madume na majike mapema, kupunguza mimea ili wazazi wenyewe wapunguze idadi, au kuwagawa. Duka la samaki mara nyingi hupokea vifaranga waliokua na kubadilishana kwa chakula. Jirani anayetamani kuanza naye apewe madume wanne na kipande cha sponji kuukuu yenye bakteria. Sponji hiyo itamfaa kuliko samaki wenyewe.